Tusiwapikie Mbu

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, tukiwa tumemaliza kufagia mtaa na kuzibua mtaro, jirani yangu anayeuza maandazi aliniita uani kwake. Alikuwa ameshika kopo la maji. Nikachungulia. Ndani walikuwemo viluwiluwi kama kumi hivi, wanajikunja na kujikunjua kama watoto waliotupwa baharini kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe unayesomasoma. Hili pipa nimelimwaga lote Jumamosi iliyopita, umeniona kwa macho yako. Nikalisuuza. Nikajaza maji ya bomba, meupe pee. Sasa hawa wametoka wapi?"

Nikamjibu kwamba huenda mbu amekuja kutaga upya. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kurudi nyumbani kunywa chai. Mama hakuridhika. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukuta wa pipa, pale maji yalipofikia, kisha akanionyesha ncha yake: utelezi, rangi kati ya kijani na kahawia. "Au wanakaa humu?" akauliza.

Swali lile ndilo limenifanya niandike wito huu. Maana mama, bila maabara wala darubini, alikuwa ameweka kidole mahali penyewe. Sisi wengine mtaani tumefundishwa kumwaga maji, na kumwaga ni vizuri. Lakini tunamwaga maji tu, halafu tunaacha ukutani mayai ya mbu pamoja na chakula cha watoto wao. Ni sawa na kumfukuza mgeni huku umemwachia ufunguo na chungu cha wali mekoni.

Ninaloomba kwa kila nyumba yenye pipa, ndoo, dumu lililokatwa shingo, simtanki au beseni la kuku ni dogo: mara moja kwa wiki, sugua ukuta wa chombo. Kusuuza hakutoshi. Sugua kwa dodoki, kwa makumbi ya nazi, kwa brashi, kwa mchanga kama bibi zetu walivyosugua sufuria. Nitaeleza kwa nini, maana mtu akijua sababu hahitaji kusimamiwa na mjumbe.

Tuanze na yai. Mbu ninayemsema hapa ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti, na ndiye anayesambaza dengue na chikungunya. Hatagi juu ya maji kama wengi wanavyodhani. Anatua ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, kwenye unyevu, anabandika yai mojamoja. Yai ni jeusi, dogo kuliko punje ya ulezi, na limeshika kwelikweli. Maji yakishuka, yai linakauka lakini halifi. Linaweza kungoja miezi. Ukija kujaza pipa, maji yanalifikia, na hapo ndipo bakteria wanapoingia katika kisa hiki.

Bakteria waliopo majini na kwenye ganda la yai wanapoanza kuzaliana, wanakula hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Kiluwiluwi aliyemo ndani ya yai anaihisi hewa ikipungua, na hiyo kwake ni ishara ya kutoka. Mantiki yake ni nzuri hata kama adui ni adui: palipo na bakteria wengi pana chakula, kwa hiyo hapana sababu ya kungoja. Ni kama mfungaji anayesikia adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Futari iko tayari.

Na futari yenyewe ni nini? Mtazame kiluwiluwi kwa makini siku moja, weka maji kwenye glasi uishike mbele ya dirisha. Mkia wake uko juu, una kijibomba anachovutia hewa. Kichwa kiko chini. Mdomoni ana vijibrashi viwili vinavyopepea bila kupumzika, vinasukuma maji na kukusanya kila kilichomo: bakteria, chembe za majani yaliyooza, mwani, vipande vya wadudu waliokufa. Akishuka ukutani utamwona anachunga utelezi ule kama mbuzi kwenye majani mabichi. Hana kazi nyingine. Kwa siku chache atakula na kujivua ngozi mara tatu, kila mara anatoka mkubwa zaidi, kisha atageuka pupa, kidude kilichojikunja kama alama ya mkato. Pupa hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyoweka. Baada ya siku kama mbili mgongo wake unapasuka, na mbu anasimama juu ya maji akikausha mbawa. Kwenye joto letu la Pwani, safari yote kuanzia kuanguliwa inaweza kumalizika kwa wiki moja hivi, chakula kikiwepo.

Chakula kikiwepo. Maneno hayo mawili ndiyo moyo wa jambo lenyewe, na wanasayansi wamebishana juu yake karibu miaka mia. Tangu miaka ya 1930 ilijulikana kwamba viluwiluwi wa mbu wanahitaji bakteria kwa namna fulani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walifanya jaribio lililoshangaza wengi. Walichukua mayai, wakayasafisha kwa dawa mpaka asibaki bakteria juu yake, wakayaangulia kwenye maji safi, wakawapa viluwiluwi chakula kizuri kilichouliwa vijidudu vyote. Viluwiluwi wakala. Tumbo likajaa. Lakini hawakukua. Walibaki katika umri wa kwanza, wadogo kama nyuzi, hadi wakafa. Walipoongezewa bakteria hai, hata wa aina moja tu ya kawaida, wakaanza kukua hadi kuwa mbu kamili.

Wengine wakasema basi, bila bakteria hai hapana mbu. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Connecticut wakaonyesha kwamba inawezekana kuwakuza bila bakteria, mradi wapewe chakula kinono chenye ini na hamira, ingawa walichelewa kukua. Kumbe bakteria walikuwa wanaleta kitu fulani ambacho chakula cha kawaida kilikikosa. Mwaka 2021 kikapatikana kimojawapo: vitamini B2, ile iitwayo riboflavini. Vitamini hii huharibika haraka ikipigwa na mwanga. Viluwiluwi wasio na bakteria walipowekwa gizani, wengi wakakua. Walipowekwa penye mwanga wa mchana, wakakwama. Bakteria wanaoishi tumboni mwao huitengeneza upya kila siku, kwa hiyo mwenye bakteria hana wasiwasi na jua.

Napenda sana kisa hiki, na si kwa sababu ya ubishi wa wasomi. Napenda kwa sababu kinatuonyesha mbu katika udhaifu wake. Huyu tunayemwogopa usiku na mchana hawezi kulea watoto wake peke yake. Anahitaji mpishi. Na jikoni ni pipa letu.

Nilitaka kujionea. Nikachukua chupa mbili za jamu. Ya kwanza nikaitia maji ya pipa la mama, nikakwangua utelezi kidogo ukutani, nikaongeza jani moja kavu la mkungu. Ya pili nikaitia maji yaliyochemshwa na kupoa, bila kitu kingine. Nikachagua viluwiluwi wadogo kabisa, wale ambao unawaona tu wakisogea, nikaweka kumi huku na kumi kule. Midomo ya chupa nikaifunga kwa kipande cha chandarua kuukuu na mpira. Nikaziweka dirishani, mke wangu akizitazama kwa jicho la mtu aliyeolewa na mwendawazimu.

Siku ya tatu tofauti ilionekana bila miwani. Wale wa maji ya pipa walikuwa wameshanenepa, vichwa vyeusi, wanashuka kwenye jani na kupanda tena. Wale wa maji yaliyochemshwa walikuwa vilevile kama nyuzi. Siku ya saba chupa ya kwanza ilikuwa na pupa watano. Chupa ya pili ilikuwa na watatu tu waliobaki hai, wamelegea, hawajaongezeka hata kidogo. Sisemi kwamba nimefanya sayansi. Wale wadogo nilikuwa nimewatoa pipani, bakteria walikuwa nao tumboni tayari, na chakula sikuwapa kabisa. Lakini jirani yangu alipoziona chupa hizo alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayewanenepesha."

Walimu wa sayansi, nawaomba sana jaribio hili mlifanye darasani. Halina gharama. Chupa mbili, kipande cha chandarua, daftari la kuandika kila siku wangapi wamekua. Hakikisheni tu kifuniko kimekaza, na siku ya sita, kabla hawajatoka na mbawa, wamwageni juu ya mchanga mkavu penye jua kali. Mtoto aliyemwona kiluwiluwi akichunga utelezi hatahitaji bango la afya ukutani. Atakwenda nyumbani kumsumbua mama yake kuhusu pipa, na hilo ndilo tunalotaka.

Sasa, kuna jambo la ukubwa. Kiluwiluwi aliyeshiba hatoi tu mbu haraka, anatoa mbu mkubwa. Mbu jike akishatoka majini haongezeki urefu wa mbawa. Umbo lake limeamuliwa na alichokula utotoni. Aliyekua kwenye maji yenye lishe kwa kawaida huishi zaidi na hubeba mayai mengi zaidi kuliko aliyekua kwa njaa. Mwaka 2017 watafiti wengine walionyesha jambo jingine la kutisha kidogo: aina ya bakteria aliokua nao kiluwiluwi inaweza kubadilisha namna virusi vya dengue vinavyosambaa mwilini mwake akishakuwa mkubwa. Pipa, kwa maneno mengine, linachangia kuamua ni mbu wa namna gani atakayekuja kukuuma.

Hata mbu wa malaria wako katika hesabu hiyo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti kutoka Ethiopia kuhusu Anopheles arabiensis, mbu anayezaliana kwenye vidimbwi vya maji ya mvua. Watafiti waligundua kwamba vidimbwi vilivyo karibu na mahindi vilikuwa vinatoa mbu wakubwa na wa haraka. Sababu ilikuwa ile chavua ya njano inayodondoka kutoka kwenye mbelewele. Inaanguka juu ya maji, inaelea, na viluwiluwi wa Anopheles hulala ubapa juu ya maji wakila kinachoelea. Simwambii mkulima aache mahindi, nani atakula nini? Lakini ukilima mahindi nyuma ya nyumba, mashimo yale uliyochimba udongo wa matofali yafukie kabla mahindi hayajachanua.

Nasikia mtu akisema: mbu ni wa masika, sasa ni kiangazi, tupumzike. Hapa nawaomba tukumbuke historia yetu wenyewe. Neno chikungunya, linalotamkwa leo hospitalini kuanzia Brazili hadi India, ni la Kimakonde. Lilizaliwa Newala, kusini mwa Tanzania, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma hadi mgonjwa anainama. Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu isiyo na maji ya karibu. Wakati ule kina mama walitembea mwendo mrefu kushuka na kupanda kwa ajili ya ndoo moja, na maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yanatunzwa ndani kwenye mitungi. Mitungi ile ndiyo ilikuwa nyumba ya Aedes.

Lamu nako, mwaka 2004, chikungunya ilifika wakati wa ukame, si wakati wa mafuriko. Watu walikuwa wanahifadhi maji kwa sababu mvua ilikuwa imekataa, na vyombo havikufunikwa vizuri. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba watu wapatao robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Fikiria mji ambamo katika kila wanne, watatu wanajikongoja. Baada ya hapo ugonjwa ukavuka bahari hadi Komoro na Reunion. Dar es Salaam tumepata dengue yetu mwaka 2014, ikarudi 2019. Kila mara maswali yalikuwa juu ya mvua, na kila mara nyumbani tulikuwa na mapipa.

Na sasa kuna mgeni mwingine anayebisha hodi. Anopheles stephensi ni mbu wa malaria wa asili ya Asia ya Kusini, lakini tabia yake ni ya mjini: hupenda matangi na vyombo vya maji vya watu, kama Aedes. Alionekana Djibouti mwaka 2012, akafuata Ethiopia, na Kenya wakamtangaza mwaka 2023 baada ya kumpata kaunti ya Marsabit. Tuliozoea kwamba malaria ni ya vidimbwi na mabonde ya mpunga, tunaweza kuikuta kwenye simtanki iliyo juu ya paa la choo.

Najua kikwazo. Nimekaa uswahilini miaka mingi, najua maji yanatoka siku gani na saa ngapi, na najua siku nyingine hayatoki. Kumwambia mama aliyekesha kungoja bomba kwamba amwage pipa zima ni kumtukana. Basi usimwage. Chukua kanga kuukuu iliyo safi, ikunje mara mbili, chujia maji kwenye ndoo na madumu. Viluwiluwi watabaki kwenye kanga. Pipa likiwa tupu, tia lita mbili tatu tu, sugua kuanzia mdomoni kushuka chini, hasa ule mstari wenye alama ya maji na kona zote. Maji hayo machafu usiyatupe mtaroni; yamwage juu ya mchanga mkavu, mbali na unyevu, ambako mayai yaliyobanduka hayatapata maji ya kuanguliwa. Acha pipa likae juani wakati unakunywa chai. Kisha rudisha maji yako, na ile kanga, baada ya kuifua, ifunge mdomoni kwa kamba ikaze mpaka kidole kisipite. Umepoteza lita tatu. Mfuniko utazuia majani pia, na bila majani bakteria wanakuwa na kazi ngumu.

Usifanye nusunusu, lakini. Hili ni la kushangaza kidogo na wengi hawalijui. Viluwiluwi mia mbili kwenye ndoo yenye chakula kidogo wananyang'anyana. Wengi watakufa njaa na wachache watakaotoka watakuwa wadogo, wamechoka. Ukichota nusu ukawamwaga na nusu ukaiacha, waliobaki wanapata mlo wa wawili. Watakua haraka na kutoka na siha. Unaweza ukawa umewasaidia. Ndiyo maana naona afadhali mtaa usugue vyombo vyote siku moja kuliko kila nyumba kujipangia wiki yake. Jumamosi ya usafi tunayo tayari, na majirani zetu wa Rwanda wana Umuganda Jumamosi hiyohiyo ya mwisho wa mwezi. Kwa wiki zile nyingine tatu, mwenyekiti wa mtaa apitishe neno msikitini na kanisani: dodoki, saa moja asubuhi.

Yapo maji ambayo huwezi kuyasugua. Mtaro mkubwa, kidimbwi cha bondeni, shimo la msingi wa ghorofa lililoachwa na mwenye fedha aliyeishiwa. Huko ulafi wa kiluwiluwi unaweza kutusaidia. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev, Israeli, watafiti walikuta kidimbwi kimejaa viluwiluwi waliokufa. Waliowaua walikuwa bakteria, aina ambayo leo inajulikana kwa kifupi kama Bti. Kiluwiluwi anawakusanya kwa vijibrashi vyake kama anavyokusanya bakteria wengine, bila kushuku. Ndani ya mwili wa bakteria hao mna fuwele za protini ambazo huyeyuka tumboni mwa kiluwiluwi na kutoboa utumbo wake. Tumboni mwa binadamu hazifanyi hivyo, wala mwa samaki. Pupa naye hafi kwa dawa hii, kwa sababu tulishasema: pupa hali.

Dar es Salaam ilianzisha mpango wake wa kupambana na malaria mjini mwaka 2004, na viuadudu vya aina hii vikatumiwa na wakazi wenyewe waliopita mtaa kwa mtaa kutafuta maji yaliyotuama. Kibaha, mkoani Pwani, kipo kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, kikafunguliwa mwaka 2015, kinachotengeneza dawa hizo za bakteria. Ni jambo la kujivunia kwamba dawa hii tunaitengeneza wenyewe. Ombi langu kwa madiwani ni bajeti ya kila msimu, isiwe ya picha za uzinduzi tu. Na ombi kwetu wananchi: kijana wa mtaa akija na pampu mgongoni, mfungulie geti. Mwonyeshe shimo lililo nyuma ya banda. Tena fahamu kwamba maji yakiwa machafu mno, yamejaa takataka na chakula kingine, kiluwiluwi anakula kidogo katika dawa, kwa hiyo dozi lazima iongezwe na matokeo yanapungua. Kuzoa taka mtaroni kabla ya mpulizaji kufika ni sehemu ya dawa yenyewe.

Kuhusu choo cha shimo na karo, ambako mbu wa usiku aitwaye Culex hustawi kuliko sultani, nitasema kidogo tu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, zile za kufungashia vyombo vya umeme, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Punje zikaelea kama zulia, viluwiluwi wakakosa pa kutolea mkia wapumue. Pamoja na dawa za kumeza, maambukizi ya matende na mabusha yalishuka sana. Chakula kilikuwepo tele chooni mle, lakini hewa hakuna. Kama karo lako limepasuka mfuniko, ziba wiki hii. Mfuko mmoja wa saruji unatosha na kubaki.

Wenye nyumba za kupangisha, nanyi mna lenu. Mifereji ya paa inayoshikilia majani ya mwembe ni hoteli ya nyota tano. Mafundi wa magari, yale matairi mnayopanga kama vigoda nje ya gereji, toboeni au yafunikeni. Wauza madafu, vifuu msiviache vimetazama juu. Kinachooza ndani ya kifuu kimoja chenye maji ya mvua, yale mabaki meupe ya nazi, kinaweza kulea mbu wa kuitosha nyumba.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwa jirani yangu saa mbili asubuhi. Alikuwa ameinamia pipa hadi mabegani, kanga ameifunga kiunoni, anasugua kwa nguvu na kuimba kimoyomoyo. Maji ya wiki nzima yalikuwa kwenye madumu manne yamepangwa ukutani. Mjukuu wake alikuwa anasugua beseni la kuku kwa makumbi. Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimechungulia: hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja, na ukuta ulikwaruza kidole kama sahani iliyooshwa.

"Mama, umefanya kazi."

"Nimefanya." Akajinyoosha, akanitazama. "Na lile simtanki lako la juu, umelifungua lini?"

Nilitaka kusema ni la plastiki, lina mfuniko, maji yake ni safi. Nikakumbuka mfuniko ulipasuka tangu kipupwe, nikauwekea kipande cha bati na tofali. Nikapanda ngazi. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapitisha kidole ukutani, nikautoa. Kijani na kahawia.

Niliposhuka mama alikuwa amesimama chini ya ngazi, dodoki mkononi.

"Chukua," akasema. "Lakini ulirudishe, bado sijamaliza ndoo."